Mkaa Haulali Wenyewe

Chuoni, 9 Januari

Wifi yangu,

Pokea salamu kwanza kabla hujapokea maombi, maana najua ukiuona mwandiko wangu unajiuliza huyu wifi anataka nini tena. Hujambo? Kaka yangu hajambo? Na mwanangu uliyenizalia je, ameshaota meno mapya ya mbele, au bado anacheka kwa pengo? Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, jirani yangu anakaanga vitunguu kutwa, na nimenenepa bila sababu ninayoweza kuitetea.

Nakuandikia kama kaka alivyoamua. Baada ya yale maneno yetu kwenye msiba wa Baba alisema mimi na wewe tusipigiane tena simu. Kwa simu tunagombana, alisema, kwa barua tutaoneana haya. Basi naona haya, na naandika.

Shida yangu ni mkaa. Cheka tu. Mtoto wa mchoma mkaa amesafiri mbali namna hii kuja kusomea mkaa. Lakini ndivyo ilivyo, utafiti wangu ni wa mimea inayopandwa ichomwe, si iliwe, kama hiyo ya shambani kwenu: matete, mtama mrefu, mkaratusi. Nataka kujua mkaa wa kila mmea unaliwa kwa kasi gani na hewa ukaa. Ndiyo, unaliwa. Natia chembe za mkaa, kidogo kuliko chumvi unayonyunyizia yai, kwenye kikapu cha waya kinachoning'inia kwenye mizani, na kikapu kimo ndani ya tanuri dogo la umeme. Napasha moto mpaka digrii mia nane na hamsini, kisha nafungulia hewa ukaa. Kila chembe ya hewa hiyo inanyakua chembe moja ya mkaa, na hapo zinatokea mbili za hewa nyingine, ile inayowaka, ile inayoua watu wanaojifungia na jiko chumbani. Kaka anaijua, ndiyo inayoendesha mtambo wake wa pampu ya maji. Mkaa unapungua, mizani inaandika, na mimi nahesabu dakika mpaka nusu iishe.

Naomba vigunia vitatu, kimoja cha kila mmea. Maelekezo yako kwenye karatasi ya pili. Choma kwa moto uleule, funga tanuri, kisha uache mkaa ulale siku moja kama alivyokuwa akisema Baba, ndipo ufungashe. Sijakuandikia ili nikufundishe. Najua kati yetu ni nani aliyefundishwa.

Hilo la mwisho lilinitoka tu. Nimeliacha kwa kuwa sina karatasi nyingine safi.

Wifi yako wa maabara


Shambani, 2 Februari

Wifi wa maabara,

Salamu zimefika, maombi yamefika, na kijembe nacho kimefika salama. Sisi wazima. Kaka yako ana mtambo wake na pampu yake, anavisemesha kuliko anavyonisemesha mimi. Mwanao meno yameota, moja limetokea upande kama linachungulia. Mimi nina mafua yangu yaleyale ya siku za tanuri, yanakuja na kuondoka.

Karatasi yako nimeisoma mara tatu. Mimi niliishia kidato cha pili, kwangu kitu lazima kisomwe mara tatu. Vigunia vinakuja na dereva wa lori la shamba. Nimechoma matete kwanza, halafu mtama, mkaratusi mwisho kwa sababu ni mkaidi. Matete ndiyo niliyohangaika nayo kuliko yote, kwa kuwa Mzee, baba yako, alipenda mkaa wa matete upate haki yake. Barua nimeitia ndani ya kopo la maziwa ili isipate masizi. Ukiona alama ya kidole pembeni ni changu, hakitakati hata kwa sabuni.

Sasa na mimi nitoe langu. Umesema mimi ndiye niliyefundishwa. Unajua Mzee alikuwa anazungumzia nini tukiwa uani? Wewe. Mikono yangu imo majivuni mpaka viwikoni, masikio yamo chuoni kwako. Mwanangu amepata alama hizi. Mwanangu amepewa chumba chake peke yake. Mwanangu walimu wanamwogopa. Miaka sita nimekula habari zako asubuhi na mchana. Nilikuonea wivu mpaka nikavichukia vile viatu vyako vyekundu ulivyoviacha chini ya kitanda, vikawa kama vinanicheka kila nikifagia. Juzi nimevitoa, nimempa jirani. Nakwambia mwenyewe kabla kaka yako hajakwambia.

Na mwanao siku hizi anacheza maabara. Anatia mchanga kwenye kifuniko cha soda, anafumba jicho moja, anasema, "Mimi shangazi." Sijawahi kumsikia akicheza mama.

Nijulishe kama mkaa umekufaa.

Wifi yako wa tanuri


Chuoni, 11 Machi

Wifi wa tanuri,

Viatu vile vilikuwa vinanibana. Hata hivyo ungeniuliza. Nilivinunua kwa mshahara wangu wa kwanza wa kufundisha, na Baba alisema vinanipendeza, naye hakuwa mtu wa kusema hivyo.

Hayo tuyaache, maana nina furaha isiyokaa chumbani. Sikiliza. Mkaa wa mkaratusi nusu yake imeliwa kwa dakika ishirini na nne. Mtama, kumi na tatu. Matete, dakika saba. Saba, wifi. Katika jengo hili zima hakuna aliyewahi kupata matete chini ya kumi na nane. Nilidhani mizani imekorofika, nikarudia, saba. Nikamwita msimamizi wangu, mama mmoja asiyetabasamu hata akiimbiwa, akasimama nyuma yangu mpaka mwisho, saba. Akavua miwani, akaifuta, akaniambia niketi niandike.

Nimeandika sura nzima. Nadhani siri imo katika vinyweleo vya matete ya kwetu, jinsi mkaa wake ulivyo na vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Hii ndiyo itakayonipa shahada. Natetea tasnifu yangu tarehe 20 Juni, mbele ya watu watano na mtungi wa maji.

Nakuletea ukurasa mmoja uuone. Mstari wa sita nimekutaja: "Mkaa ulitayarishwa na fundi wa shambani kwa njia ya asili ya marehemu baba wa mtafiti." Umeona? Umeingia kwenye kitabu.

Kitu kimoja kimebaki. Msimamizi anataka kigunia cha pili cha matete, tuone kama jibu litajirudia. Tafadhali fuata maelekezo yaleyale, usibadilishe kitu. Hayo mafua kunywa maji ya moto. Mbusu mwanangu, mwambie shangazi halisi naye anafumba jicho moja.

Wifi yako wa maabara


Shambani, 30 Machi

Wifi,

Sisi wazima. Kaka yako anakusalimu.

Kigunia cha matete hicho. Safari hii nimefuata maandishi yako neno kwa neno, kama ulivyoagiza. Nimefunga tanuri, nimeacha mkaa ulale siku moja, nimefungasha.

Fundi wa shambani


Chuoni, 6 Mei

Wifi,

Nakusalimu kwa kuwa nilifunzwa adabu. Kaka na mwanangu nawasalimu kwa moyo.

Dakika kumi na tisa. Nimepima mara nne, nimebadilisha kikapu, nimesafisha tanuri, nimepima tena. Kumi na tisa. Matete yako ya Februari na matete yako ya Machi hayajuani. Msimamizi aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kama zile saba zilitoka kwenye mizani au zilitoka kwenye hamu yangu. Alisimama nyuma yangu akaona kwa macho yake siku ile, lakini anasema mizani inaweza kuchezewa kabla mtu hajaitwa. Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionipeleka chooni kulia. Kama sitaeleza tofauti hii kabla ya tarehe 20 Juni, sura yangu inatoka, na jina langu hapa litakuwa la mtu anayepika majibu.

Nimekitazama kigunia cha pili. Mkaa wake ni mweusi mtupu. Ule wa kwanza ulikuwa na weupe kidogo kwenye mikunjo, weupe ambao mimi nilidhani ni vumbi la njiani, nikaukung'uta tu. Umefanya nini mara ya kwanza ambacho hukukifanya mara ya pili?

Nitasema sasa, maana haya imeniisha. Mimi nimezaliwa kwenye ua ule. Nilijua kuwasha tanuri nikiwa na miaka saba, nilijua kusoma rangi ya moshi, moshi wa maji na moshi wa mwisho. Lakini kila tanuri lilipofunguliwa, ikifika ile hatua yenyewe, Baba alikuwa ananigeukia na kuniambia, "Wewe toka uani, nenda kasome." Kila mara. Nikiwa na miaka tisa, nikiwa na kumi na tano, hata likizo nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nakaa chumbani na kitabu mapajani, nasikia koleo linakwaruza, na sisomi chochote. Ukaja wewe, bibi harusi wa miezi minne, mgeni, hujui hata ndoo iko wapi, akakuita uani mchana kweupe. Nilikuwa dirishani. Nilikuona unajifunga khanga kiunoni.

Watu wanasema baba yangu alinisomesha kwa kunipenda. Mimi naona alinisomesha ili anitoe njiani. Siri ya mikono yake alikupa wewe. Na sasa hata chembe yake unaninyima.

Nijibu.

Wifi yako


Chuoni, 28 Mei

Wifi,

Sijapata jibu. Nimempigia kaka, anasema huna muda, mara anasema unaumwa kidogo, mara anasema hataki kuingizwa kati. Zimebaki siku ishirini na tatu.


Shambani, 8 Juni

Wifi yangu,

Hujambo. Nimeandika barua hii mara nyingi kichwani, na kila mara ilianza na uongo, kwa hiyo nikaacha. Kaka yako mzima. Mwanao mzima, ingawa Jumatatu alinitisha, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Wewe umeandika kwenye karatasi yako "uache mkaa ulale." Ulilisikia neno hilo ukiwa chumbani, nyuma ya mlango, ukalisikia vibaya. Mkaa haulali wenyewe, wifi. Unalazwa. Mzee alikuwa anasema tunakwenda kulaza mkaa, na kulaza ni kazi, tena nzito kuliko zote. Tanuri likiiva unalifungua makaa yakiwa bado mekundu. Unatandika chini jivu la jikoni lililoloweshwa maji, kama godoro. Unamwaga makaa juu yake, upesi, halafu unayafunika kwa jivu bichi jingine, kama blanketi. Jivu linachemka, linatoa mvuke na vumbi, na mkaa unalinywa lile jivu mpaka unanyamaza. Ndiyo maana mtambo wa kaka yako unawaka upesi. Ule weupe ulioukung'uta haukuwa vumbi la njiani.

Matete ya Februari niliyalaza. Ya Machi nikaacha "yalale". Nilijua utaharibikiwa. Sikujua kwa kiasi gani, lakini nilijua. Nilisoma ule mstari wa sita nikiwa nimesimama mlangoni na kopo mkononi. Fundi wa shambani. Nimekuosha nywele, nimekupikia kila likizo, nimemzika baba yako pamoja na wewe, na kwenye kitabu chako mimi sina hata uwifi. Wivu ulinipanda mpaka meno yakaniuma. Nikasema haya, tuone kitabu chako kitafika wapi bila mikono yangu.

Hilo ni kosa langu na nimelikiri. Lakini lipo jingine la zamani, na hilo ndilo zito.

Jumatatu nilikuwa nalaza mkaa. Mwanao akaja na kifuniko chake cha soda, anataka jivu la maabara yake. Akasimama kwenye mvuke, akakohoa mara mbili, kikohozi cha kitoto tu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Wewe toka uani, nenda kasome." Akaniangalia kwa uchungu ule ule ulioniandikia. Akaenda. Nikabaki na koleo mkononi, makaa yakaungua mpaka yakawa jivu tupu. Sijawahi kuunguza tanuri.

Mama yenu hakufa kwa homa. Mzee aliniambia mwaka wangu wa pili hapa, siku mvua ilipotufungia kibandani. Kulaza mkaa hakukuanza na yeye, ilikuwa kazi ya mama yako. Ni yeye aliyegundua jivu, kwa bahati, alipokosa mchanga wa kuzimia makaa. Alilaza miaka minane. Kisha kifua kikaanza, akawa anaita mafua ya siku za tanuri, yanakuja na kuondoka. Nyinyi mkaambiwa homa kwa sababu Mzee hakuweza kuwaambia watoto kwamba alikuwa anamtazama tu. Akaniambia, "Binti yangu hataingia hapa. Hata akinichukia, asiingie."

Nikamwuliza, na mimi je?

Aliusogeza mlango mvua isiingie. Halafu akasema, "Wewe una kifua kizuri."

Sikiliza nikwambie jinsi nilivyo mjinga. Nililichukua neno lile nikalivaa kama kidani. Mimi nimechaguliwa, mimi nina kifua kizuri, yule msomi wao ametolewa nje. Kwa miaka minne nilijua ukweli, na kila ukija likizo nilikuona unavyotazama mikono yangu, na sikusema. Nilipenda unionee wivu. Nilikuwa sina kitu kingine ambacho wewe ungekitaka. Kama ningekwambia, ungejua kwamba wewe ulitolewa uani ili upumue, na mimi niliingizwa kwa kuwa lazima mtu aingie.

Mzee hakuwa mbaya kwangu, usinielewe hivyo. Alinipenda kama mkwe. Ila kifua changu hakikumtoa usingizini.

Ndani ya kopo hili nimetia jivu la jikoni, lile lile. Lipime kabla ya siku yako. Mwambie msimamizi wako kosa ni la fundi.

Wifi yako wa tanuri


Chuoni, 19 Julai

Wifi yangu,

Hujambo, na safari hii nataka jibu la kweli, siyo la salamu tu. Kaka nimempigia. Amekiri kwamba unakohoa tangu mwaka juzi na kwamba mlizoea kuita mafua. Na mimi niliyekuandikia unywe maji ya moto, nilikuwa na barua yako mkononi na sikuisoma.

Nimechelewa kujibu kwa sababu tatu. Kwanza nililia. Sijui nililia kwa ajili ya Mama au kwa ajili ya yule mtoto wa miaka tisa aliyekaa na kitabu mapajani akidhani hapendwi. Pili nilikukasirikia siku nzima, nikavunja kikombe, na kikombe hakikuwa changu. Tatu nilikuwa maabara.

Nilichukua matete yako ya Machi, yale yaliyolala yenyewe. Nikaloweka jivu lako kwenye maji, nikachuja, nikautia mkaa kwenye yale maji ukiwa baridi, nikaukausha. Dakika nane. Nikachukua mabaki ya Februari, nikayaosha kwa maji safi mara tano, nikapima. Dakika kumi na nane na nusu. Vinyweleo havihusiki kabisa, sura yangu nzima ilikuwa hewa. Ni potasiamu, iliyomo kwenye jivu. Matete yana ya kwake, lakini yana mchanga ndani ambao huikamata isifanye kazi. Jivu la jikoni linaiongeza mpaka mchanga unashindwa, na hewa ukaa inaula mkaa kama ina njaa. Mama aliligundua hilo kwa kukosa mchanga wa kuzimia.

Nilimwambia msimamizi yote. Nilimwambia kosa si la fundi, ni la mtafiti aliyeandika "ulale" kwa kuwa alikuwa hajui "kulazwa". Alivua miwani tena. Akasogeza siku yangu mpaka jana, na jana nimetetea, na watu watano wamekubali, na mtungi wa maji niliumaliza peke yangu. Mmoja wao aliuliza njia hii ni ya nani. Nikalitaja jina la Mama, kisha lako, majina yako yote matatu, likiwemo lile la shuleni ambalo hakuna anayelitumia. Sauti ilinikatika kwenye la Mama. Kwenye lako haikukatika, ila nililisema polepole.

Usidhani wivu umeniisha. Bado nakuonea, tena vibaya kuliko zamani. Wewe ulikaa na Baba kibandani mvua ikinyesha, ukamsikia akimzungumzia Mama. Mimi ni damu yake na sikuwahi kusikia hata sentensi moja. Hicho nitakuonea wivu mpaka nizeeke, na nimeona ni afadhali ukijue.

Sasa nikwambie la kufanya, na usibishe, maana hapa mtaalamu ni mimi. Tanuri lisifunguliwe tena likiwa jekundu. Kaka alizibe, lipoe kabisa kwa siku zake. Mkaa ukishapoa ndipo autie kwenye pipa la maji ya jivu yaliyochujwa. Hakuna mvuke, hakuna vumbi, na dakika ni nane badala ya saba. Mtambo wake utavumilia dakika moja. Akibisha mwambie mama yake alivumilia miaka minane. Wewe Alhamisi hii unakwenda hospitali kupigwa picha ya kifua, nimeshamwambia dereva wa lori, atakupitia asubuhi. Mwanangu mwache acheze shangazi, lakini acheze kwa mchanga.

Tasnifu ninakuletea nzima, kurasa mia moja na tisini. Ule mstari wa sita haupo tena. Uko mwingine, ukurasa wa arobaini na moja, na hapo katikati nimebana fomu ya shule ya jioni ya watu wazima, ya kuanzia kidato cha tatu. Sikuiweka juu makusudi. Nataka uifikie kwa kusoma, hata kama itakuwa mara tatu.

Mtu alipaswa kukwambia neno hili siku ile uliposimama pale umejifunga khanga kiunoni, na mimi nilikuwa dirishani nikikuonea gere. Baba alikuwa na pumzi ya kumwambia mtoto mmoja tu. Basi nakwambia mimi, kama alivyoniambia, na kwa sababu ileile.

Wewe toka uani, nenda kasome.

Wifi yako